Mbuzi wa Kwa Mrombo na Jiko Lisilo na Moshi

Kabla hamjaniuliza: nyusi hizi mnazoziona si zile nilizozaliwa nazo. Zile za kwanza ziliungulia Kaloleni, pale Arusha mjini, kwenye karakana ya Mzee Shabani, nikiwa na umri kama wenu, nilipoinama kuchungulia kama moto umeshika. Moto ulikuwa umeshika. Kwa hiyo, ninyi mnaojifunza ufundi wa majiko, jiko halichunguliwi kwa uso. Tanguliza kiganja kwa mbali, kisogeze taratibu, joto lenyewe litakuambia uishie wapi.

Mimi ndiye Fundi Nderingo. Nimestaafu, niko zangu kihambani huku mlimani Meru, kwenye migomba na kahawa kidogo ambayo mke wangu anaiita shamba na mimi naiita maumivu ya mgongo. Maisha yangu yote ya kazi nimetengeneza majiko. Ya mapipa, ya bati, ya udongo, ya pumba, makubwa ya shule na madogo ya bibi anayeishi peke yake. Watu hudhani fundi majiko ni mtu wa moto. Moto unajiwakia wenyewe, vijana. Kazi yetu sisi ni hewa na moshi: hewa iingilie wapi, moshi utokee wapi, na kwa nini huo moshi uwepo kabisa.

Hilo la mwisho alinifundisha Mzee Shabani. Alikuwa mtu wa Kondoa, mfupi, kofia ya kufuma kichwani, na kila jiko jipya aliliwasha kwa bismillahi hata kama mwenye jiko alikuwa mzee wa kanisa kama baba yangu. Akiwasha, alikuwa haangalii moto. Alikuwa anaangalia juu. Ukitoka moshi mzito alilizima, akasema, "Nderingo, moshi ni kuni ambayo haijaungua. Jiko hili linatema chakula. Lirudishe mezani." Narudi mezani, natoboa tundu jingine, naziba lile la mwanzo. Siku nyingine nilikuwa natoboa mpaka jiko linafanana na chujio la chai.

Nilipohisi nimeiva, nikatengeneza jiko la mkaa lenye pumzi kubwa ajabu, nikalipeleka zawadi kwa wakwe zangu watarajiwa upande wa Makumira. Mama mkwe akalibandikia makande. Ikaanza sala ya kuwakaribisha wageni, na aliyeombwa kusali alikuwa mjomba mmoja ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote. Alipofika kwenye kuwaombea wasafiri, tukasikia jikoni kitu kinaanguka. Maji yalikuwa yamekauka, kitako cha sufuria kimeyeyuka, makande yote yameingia kwenye mkaa na kuuzima. Mama mkwe akasimama mlangoni ameshika mdomo wa sufuria usio na chini, akauliza kwa upole, "Hili jiko lako, baba, huwa linapika nini? Chuma?" Nilioa hivyohivyo. Lakini tangu siku hiyo, jiko langu lolote lina kifuniko cha kupunguza hewa. Jiko lisilopunguzika si jiko, ni ajali inayosubiri sala ndefu.

Sasa niwaeleze kazi yangu ya mwisho, ambayo mke wangu amechoka kuisikia.

Jiji lilikuwa limetoa mpango wake wa nishati safi na kupunguza hewa chafu. Mlisikia redioni: bajaji za umeme, gesi kwenye majiko ya shule, taa za barabarani za sola. Ndani ya mpango kulikuwa na kipande kidogo kuhusu wachoma nyama, na hicho kipande ndicho kilichoniangukia mimi. Kilikuja na binti mmoja anaitwa Latifa, mhandisi wa mazingira, mzaliwa wa Ngarenaro, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Aliingia karakanani kwangu, akasema, "Shikamoo, mzee. Nasikia wewe unaujua moshi."

"Marahaba. Tunafahamiana."

"Basi twende Kwa Mrombo."

Kule Kwa Mrombo kulikuwa na safu ya mabanda ya kuchoma mbuzi, na banda kubwa kuliko yote lilikuwa la Mwarusha mmoja anaitwa Lomayani. Mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, shuka begani na viatu vya matairi miguuni hata siku ya harusi. Lomayani alikuwa anapokea wateja, anakata nyama na kusimulia habari. Aliyekuwa anachoma ni mke wake, Mama Nai. Mnene kidogo, macho mekundu, kitambaa kichwani, hasemi. Anageuza mbavu, anakohoa, anageuza mapaja, anakohoa. Ukimuuliza kitu alikuwa anajibu kwa kichwa au kwa koleo. Nikajiwekea akilini kwamba huyu ni mama mpole asiyependa maneno.

Nyuma ya mabanda kulikuwa na shule ya chekechea. Mwalimu wake alikuwa amefikisha malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, na malalamiko yenyewe yalikuwa mawili. Kwanza, moshi unawaliza watoto darasani. Pili, watoto wamegoma kunywa uji. Kuanzia asubuhi wananusa mbuzi wa kuchoma, ikifika saa ya uji wanasukuma vikombe na kuuliza mbavu ziko wapi.

Mwenyekiti akaitisha mkutano palepale bandani. Latifa akaeleza mpango wa jiji vizuri tu, kwa Kiswahili cha kueleweka, mpaka akafika kwenye hewa ukaa. Lomayani akanyoosha fimbo.

"Samahani, binti. Hiyo hewa ukaa, inakaa wapi?"

"Inapanda angani, baba. Inakusanyika huko, dunia inapata joto."

"Kama inakaa angani, mimi niko Kwa Mrombo. Imenifuata kwa nini?"

"Haijakufuata, baba. Inaanzia kwako, halafu inahama."

Watu wakacheka, na Lomayani naye akacheka, kwa sababu anapenda mtu anayejibu. Lakini mwenyekiti hakucheka. Alisema masika yakiisha na moshi bado upo, safu yote itahamishiwa mbele kule baada ya Olasiti. Hapo kicheko kikakatika. Kila mmoja alijua mteja wa nyama choma hafuati mbuzi umbali ule; mbuzi ndiye hutakiwa kuwa karibu na mteja. Kuhamishwa ilikuwa ni kufungwa kwa jina la adabu.

Watu walipotawanyika Lomayani akanivuta pembeni. "Fundi, sisi tulikuwa tunachoma mbuzi kabla jiji halijawa jiji. Mimi ningebishana nao mpaka Krismasi. Lakini huyu," akaonyesha kwa kidevu, "daktari amemwambia aachane na moshi. Nikamuuliza daktari, aachane na moshi aende wapi? Moshi ndiyo kazi. Kwa hiyo tengeneza hilo jiko. Ila ladha ikiharibika, utanitafutia kazi hapo kwako."

Nikamwambia kwangu pia ni moshi.

Jaribio la kwanza lilikuwa mkaa mbadala. Mnaujua: unasaga takataka za mazao, unachanganya na kitu cha kunatia, unafinyanga, unaanika. Ukikauka sawasawa unawaka kwa muda mrefu na moshi wake ni mdogo. Latifa alileta pumba za mahindi na mabua yaliyosagwa. Kwa kunatia nikasema tutumie uji wa muhogo, yeye akasema molasi inashika vizuri zaidi, na kweli inashika. Tukafinyanga madonge mazuri, meusi kidogo, yanang'aa. Mtu angeweza kuyapanga dukani. Tukayaanika kwenye mabati nyuma ya banda, tukaenda kunywa chai.

Nyuma ya banda ndipo palipokuwa na zizi la mbuzi wanaosubiri zamu yao.

Tuliporudi, mlango wa zizi uko wazi na mbuzi wamesimama juu ya mabati yetu kwa utulivu kabisa, kama wako hotelini. Fikirini wenyewe: pumba, mabua, na juu yake molasi. Kwa mbuzi ule haukuwa mkaa, ilikuwa keki. Beberu mmoja mwenye ndevu alikuwa anatafuna donge la mwisho huku ananitazama usoni. Latifa akasimama, mikono kiunoni. Lomayani alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi! Nimewahi kuona mbuzi anachomwa na mkaa. Sijawahi kuona mbuzi anakula mkaa wa kumchomea!"

Hapo ndipo Mama Nai aliposema jambo. Alikohoa kwanza, akajifuta macho, akasema kwa sauti ya kukwaruza, ile ya mtu anayeongea kupitia mchanga, "Si mngoje tu. Utatokea upande wa pili."

Tulicheka tena. Ila Latifa hakucheka. Aligeuka taratibu akalitazama zizi, sakafu yake ilivyojaa, halafu akaangalia pale wanapochinjia, utumbo na majani ya matumboni yamerundikwa yakingoja kwenda kutupwa. Akasema, "Mama, rudia ulichosema."

"Nilikuwa natania, mwanangu."

"Mimi sitanii. Biogesi."

Biogesi nilikuwa naijua. Huku mlimani watu wengi wanafuga ng'ombe ndani, na nyumba kadhaa ninazozijua zinapikia gesi ya samadi. Nilikuwa nimetengeneza mitambo michache mwenyewe. Lakini ya mbuzi sikuwahi, na ninyi mkumbuke hili: samadi ya mbuzi si rafiki. Ni vigololo vikavu, vigumu, vinaelea. Ukivitupa kwenye mtambo vinakaa juu kama karanga kwenye supu. Lazima uviloweke na uviponde mpaka viwe uji, uji wa kunywewa na mgonjwa, usiwe mzito. Yale majani ya matumboni ndiyo mazuri, kwa sababu yameshaanza kuchacha. Na kuanzishia unahitaji samadi ya ng'ombe, kama vile maziwa ya mgando yanavyotaka yale ya jana.

Samadi ya kuanzishia niliitoa nyumbani kwangu. Niliipakia kwenye guta la kubebea mizigo, nikashuka nayo mpaka mjini mchana kweupe, siku ambayo kumbe kwaya ya wamama wa usharika wetu ilikuwa inasafiri kwenda kwenye tamasha kwa basi, na basi likawa nyuma yangu njia nzima bila nafasi ya kunipita. Mke wangu alikuwa ndani ya basi hilo. Aliambiwa na wenzake, "Mama Neema, si yule baba wa nyumbani kwako?" Akajibu kwamba ni mtu anafanana naye.

Tukachimba shimo, tukajenga kuba la matofali, tukalipiga lipu ndani na nje. Kazi ilienda vizuri; aliyekwama ni Lomayani mwenyewe. Aliponiona naunganisha bomba kutoka kwenye kuba kwenda kwenye jiko lake, akaweka fimbo chini.

"Ngoja nielewe. Mbuzi yuko zizini. Anakunya. Kile kinyesi kinaingia humu. Humu kinatoka kitu, kinapita kwenye hilo bomba, kinakwenda kumchoma mbuzi."

"Ndivyo."

"Mbuzi anachomwa na kinyesi chake."

"Na cha jamaa zake."

"Fundi, wazee wangu wakisikia watanifukuza kwenye ukoo."

Latifa akamweleza kwamba gesi ikiungua inakuwa imeungua, haina harufu wala haina uchafu, moto ni moto. Lomayani akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia, akasema, "Sawa. Lakini mteja asiambiwe." Tukakubaliana hivyo. Siri ilidumu mpaka watoto wa chekechea walipoletwa na mwalimu kutembelea mtambo. Wakaelezwa vizuri, wakaelewa vizuri, na kesho yake wakati wa mapumziko walikuwa wanaimba kwa pamoja nje ya uzio, na kupiga makofi:

"Mbuzi kanya, jiko lawaka! Mbuzi kanya, jiko lawaka!"

Mteja mmoja, dereva wa lori, alikuwa katikati ya ubavu wake. Aliacha kutafuna, akamtazama Lomayani. Lomayani akamwambia, "Watoto wa siku hizi," na akamwongezea kachumbari.

Kuhusu gesi hiyo, shikeni haya. Ile ya kwanza kabisa iachieni itoke, haiwaki, imejaa hewa ya kawaida na takataka nyingine. Ukianza kuihangaikia na kiberiti utamaliza kiberiti. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa moto. Namfahamu fundi aliyetafuta kwa moto. Aliupata.

Mwali ulipokuja ulikuwa wa buluu, mtulivu, hauna moshi hata kidogo. Latifa alipiga makofi. Mimi nilitazama juu kama Mzee Shabani, nikaona anga tupu. Mama Nai akaweka mbavu za kwanza. Zikaiva. Lomayani akaonja, akatafuna kwa muda mrefu, akameza kwa heshima.

"Imeiva," alisema. "Na ina ladha ya nyama ya mtu aliyelazwa."

Nilionja. Alikuwa sahihi. Nyama ilikuwa safi, laini, na haina habari yoyote.

Latifa ndiye aliyetupa jibu. Alisema harufu tunayoipenda haitoki kwenye mkaa wenyewe, au basi si yote. Inatoka kwenye mafuta yanapodondoka juu ya kitu chenye moto mkali, yanaungua na kuipanda nyama tena. "Tuweke mawe kati ya mwali na nyama," alisema. "Mawe yapate moto, mafuta yadondokee hapo." Wazo zuri kabisa. Tatizo likawa mawe. Karibu na Kwa Mrombo aliyepatikana haraka ni muuzaji wa mawe mazuri ya mviringo kutoka mtoni, laini kama mayai. Tukayapanga, tukawasha, Mama Nai akaweka paja.

Mawe ya mtoni, vijana, yamekunywa maji miaka yote ya maisha yao. Maji hayo yakichemka ndani ya jiwe yanatafuta njia. Tulisikia mlio kama wa tairi la lori, na lile paja likaruka juu. Wateja wote wakalala chini ya meza. Lomayani na urefu wake wote akaingia ndani ya pipa la maji ya kuoshea. Mteja mmoja tu hakuinama, mzee aliyekuwa kwenye kona na bia yake. Paja lilipotua juu ya meza ya jirani yake, akasema, "Hilo nililiagiza mimi."

Kesho yake nikaenda shambani kwangu. Huku mlimani kuna mawe meusi, mepesi, yenye matundu kama mkate. Huu mlima wetu ulishawahi kutapika moto, na hayo ndiyo matapishi yake. Yameshaungua kuliko jiko lolote litakavyoweza kuyaunguza. Kwa miaka nilikuwa nayalaani kwa sababu yananivunjia jembe. Nikayajaza guta, nikayakausha juani, halafu kwenye moto mdogo, halafu mkubwa. Hayakupasuka. Mafuta yalipodondoka juu yake yakalia *chwaa*, ukapanda mvuke mwembamba, wa bandani tu, wenye harufu ile yenyewe. Lomayani akaonja. Akaenda akakata kipande kingine, akampelekea Mama Nai mkononi. Kwa Mwarusha mwenye wateja wanaomtazama, hiyo ni hotuba.

Masika yalipoisha mwenyekiti alikuja, mwalimu alikuja, Latifa akaja na kipimo chake cha hewa. Kipimo kikasoma vizuri. Tukapiga picha. Mwalimu akasema watoto wameanza kunywa uji. Wenye mabanda mengine ya safu wakaomba na wao wavutiwe bomba. Kila mtu alifurahi, na hakuja mteja hata mmoja.

Kesho yake walikuja wachache. Keshokutwa wakapungua. Mbuzi wakabaki zizini wakinenepa, na samadi ikawa nyingi kuliko nyama inayochomwa. Hatukuelewa mpaka Lomayani alipomsimamisha bodaboda mmoja aliyekuwa akiwaleta wateja zamani.

"Mbona huniletei watu?"

Yule kijana akashangaa. "Kwani mzee mpo? Si mmefungwa? Siku hizi sioni moshi."

Kumbe moshi ndio uliokuwa bango letu. Mtu alikuwa akitokea barabarani anaona wingu, anaelekea kwenye wingu. Sisi tulikuwa tumeliondoa wingu bila kuacha anwani.

Nikapigiwa simu na Lomayani. "Fundi, njoo uchukue jiko lako."

Nilifika na Latifa. Na tulichokiona kwa mbali kilimfanya Latifa aanze kukimbia: moshi, mzito, wa kijivu, umesimama juu ya banda kama mti. Tukadhani mtambo umelipuka. Kumbe nyuma ya zizi Lomayani amerundika majani mabichi ya migomba na nyasi mbichi, ameyawasha, anayapepea kwa shuka.

"Baba, unafanya nini?" Latifa alipaza sauti.

"Natangaza biashara."

"Moshi huu ni mbaya kuliko ule wa kwanza!"

"Nyama haiguswi na huu. Nyama ni safi. Huu ni wa kuonyesha tu."

"Watoto wanaukohoa!"

"Na mimi nina watoto, binti! Wa kwangu wanakula kwa hawa mbuzi. Nilikubali kila kitu. Nilikubali kinyesi. Nilikubali mabomu ya mawe. Sasa nakaa hapa na jiko zuri kuliko yote Arusha, na mtu wa kula hakuna. Unataka nifanye nini, nipige filimbi?"

Latifa alisimama pale, macho yana maji, na sikujua kama ni moshi. Katika ufundi kuna wakati jiko ni zima na mtu ndiye anayevuja, na hapo nyundo haina kazi.

Kule barabarani ikapita pikipiki, na nyuma yake amekaa mteja wa zamani, mtu mzima mwenye tumbo la heshima. Anatazama mbele tu, hana habari.

"BABA JOSHUA!"

Niliruka. Ile sauti sikujua imetoka wapi. Ilikuwa nzito, safi, inabingirika, sauti ambayo ingeweza kuvuka bonde na kurudi. Pikipiki ikayumba. Niligeuka, na aliyekuwa amesimama mbele ya banda, koleo mkononi, ni Mama Nai.

"Baba Joshua! Unapita kama hunijui? Mbavu zako nimpe nani? Mbuzi anakuuliza kila siku, nimjibu nini?"

Baba Joshua akashuka pikipiki hata haijasimama vizuri. Anacheka, ameinua mikono kama amekamatwa. Nyuma yake ikasimama bajaji kuona kuna nini. Mama Nai akavuta pumzi, pumzi ndefu ya mpaka chini, isiyokatika, akaita mwingine, na mwingine, kwa majina, kwa majina ya watoto wao, kwa sehemu ya mbuzi kila mmoja anayoipenda. Miaka yote ile alikuwa amewageuzia nyama kimya, kumbe anawajua wote.

Miezi yote niliyofanya kazi pale nilidhani ni mama asiyependa maneno. Hakuwa na upole wowote, vijana. Alikuwa na kikohozi tu.

Lomayani alikuwa amesimama na shuka lake mkononi, mdomo wazi. Akaniambia polepole, "Alikuwa anaita ng'ombe kwa sauti hiyo, akiwa msichana. Ng'ombe wa kwetu walikuwa wanakwenda kwao. Ndivyo nilivyomfahamu." Halafu akachukua ndoo ya maji, akaenda mwenyewe akazima yale majani.

Wateja walirudi. Safu nzima sasa inatumia bomba, na wenye mabanda mengine wamejitafutia wa kuita, ingawa hakuna anayemfikia. Mimi baada ya hapo nikafunga karakana, nikarudi huku kwenye migomba.

Majuzi Latifa amenipigia. Aliniamkia vizuri, akauliza mgongo, akauliza kahawa. Halafu akasema, "Mzee, kuna malalamiko Kwa Mrombo."

Nikamkatiza. "Moshi?"

"Hapana. Sauti. Kuna mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara, anasema Mama Nai akianza kuita, spika zake za muziki hazisikiki. Anataka apunguziwe. Nikaona wewe ndiye fundi wa lile banda, labda una kifuniko."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka ndani kutazama. Nikamwambia Latifa, "Mwanangu, ile sauti imekaa kifungoni miaka mingi. Mwambie mwenye spika azime muziki, avuke barabara, akale."